Jogoo Asiyewika: Safari ya Nembo Moja kutoka Barcelos hadi Lozells

Lozells ni mtaa ulio kaskazini-magharibi ya kitovu cha jiji la Birmingham, katikati ya Handsworth na Aston. Wakazi wake wengi walitoka, au wazazi wao walitoka, Pakistani, Bangladesh, visiwa vya Karibi na Afrika, Wasomali wakiwamo. Katika barabara za biashara za mitaa ya namna hii, msomaji wa Kiswahili hukutana na jambo ambalo macho ya wengi hulipita: juu ya mlango wa duka la kuku, kando ya picha ya jogoo, yameandikwa maneno "peri peri". Neno ni la kwao. Jogoo naye ana kisa chake, na kisa hicho, kikisomwa kwa makini, kinawahusu watu wanaopita chini ya bango lile kuliko wanavyodhani.

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kusoma maandishi yaliyo nje ya kitabu. Majina ya kanga na maandishi ya migongoni mwa matatu na daladala yamekwisha kupewa nafasi katika taaluma. Bango la duka la chakula ni mara chache kupata heshima hiyo, labda kwa sababu lengo lake liko wazi mno: linataka fedha. Hata hivyo, jogoo anayeonekana katika matangazo ya kuku wa pilipili hakubuniwa na wafanyabiashara. Alikuwa mhusika wa ngano kabla hajawa mhusika wa tangazo, na mabadiliko yaliyompata njiani yanaweza kufuatwa kama mhakiki anavyofuata mhusika kutoka sura moja ya riwaya hadi nyingine.

Ngano yenyewe ni fupi. Katika mji wa Barcelos, kaskazini mwa Ureno, kulitokea kosa na mkosaji hakujulikana. Siku hizo alikuwa akipita mgeni kutoka Galicia, njiani kwenda kuhiji Santiago de Compostela. Akashukiwa, akakamatwa, akahukumiwa kunyongwa. Kabla ya kutundikwa aliomba apelekwe kwa hakimu, akamkuta mezani na wageni wake, na mbele yao jogoo wa kuchoma. Mhaji akamwonyesha jogoo yule kwa kidole, akasema kwamba atawika saa ya kunyongwa kwake, na hiyo ndiyo itakuwa dalili kwamba hana hatia. Walimcheka, lakini hakuna aliyethubutu kumgusa yule jogoo. Saa ilipofika, jogoo akasimama mezani akawika. Hakimu akakimbilia penye mti wa kunyongea, akamkuta mgeni yu hai kwa kuwa fundo la kamba halikukaza. Inasimuliwa kwamba miaka ilipopita mhaji alirudi akachonga msalaba wa jiwe kwa shukrani; msalaba unaonasibishwa na kisa hicho umehifadhiwa katika makumbusho ya mambo ya kale ya Barcelos. Kisa ndugu chake kiko Hispania, katika mji wa Santo Domingo de la Calzada, ambako hadi leo jogoo na tembe walio hai hufugwa ndani ya kanisa kuu.

Mambo mawili katika ngano hii yanastahili kushikwa. La kwanza ni kwamba mshtakiwa hana kosa jingine linalojulikana ila ugeni. Mji ulihitaji mtu wa kumlaumu, na mtu asiye na jamaa wa kumtetea alipatikana barabarani. La pili ni kwamba shahidi wake ni kitoweo cha hakimu. Hakimu anakula huku mtu ananyongwa, na kinachomwinua kitini ni chakula chenyewe. Jogoo wa Barcelos, kwa hiyo, hakuingia katika masimulizi ili kusifia utamu wa nyama. Yeye ni mlo unaokataa kuliwa mpaka haki itendeke. Mtu akitaka kumchagua ndege wa kuuzia kuku wa kuchoma, ni vigumu kumpata asiyefaa kuliko huyu.

Msomaji aliyelelewa na hekaya za Abunuwasi atakumbuka kesi nyingine ya chakula. Maskini mmoja alishtakiwa na tajiri kwa kunufaika na harufu ya kitoweo chake, akaamriwa alipe. Abunuwasi akaleta fedha, akazifanya zilie, kisha akamwambia tajiri aridhike na mlio, kwa maana aliyeuza harufu hulipwa kwa sauti. Ngano hizi mbili zimetoka katika pwani mbili zisizofanana, lakini zinakutana mahali pamoja. Katika zote mbili mnyonge amefikishwa mbele ya mwenye nguvu kwa ajili ya chakula, na katika zote mbili kinachomwokoa ni sauti: mlio wa sarafu huku, mwiko wa jogoo kule. Macho ya hakimu yalikwisha kumwona mgeni na kumhukumu. Ilibidi masikio yake yafunguliwe. Uzito wote wa jogoo wa Barcelos uko katika koo lake, wala hauko katika kilemba chake chekundu wala manyoya yake.

Hapo ndipo penye kipimo cha kila kilichofuata. Wafinyanzi wa Barcelos walimfinyanga jogoo kwa udongo na kumtia rangi, akawa kazi ya mikono inayouzwa sokoni. Katika miaka ya 1930 serikali ya Salazar, kupitia idara ya propaganda iliyoanzishwa mwaka 1933 chini ya António Ferro, ilizitangaza sanaa za vijijini kama sura ya taifa lenye utulivu na furaha, na jogoo wa udongo akapanda hadhi. Baada ya muda akawa ndiye Ureno yenyewe, kumbukumbu ya kila mtalii. Utawala uliokuwa na polisi wa siri nyumbani na makoloni ng'ambo ukajipamba kwa ndege aliyewika dhidi ya hukumu ya dhuluma. Jambo hili liliwezekana kwa sababu jogoo wa udongo hawiki. Sura ilibaki, na sauti ikaachwa katika ngano.

Kutoka Ureno hadi Johannesburg njia ilipita Msumbiji. Baada ya uhuru wa nchi hiyo mwaka 1975, Wareno wengi waliokuwa wakiishi huko walihamia Afrika Kusini, wakiwa wamezoea kuku wa kuchoma aliyepakwa mchuzi mkali wa pilipili. Mwaka 1987 Fernando Duarte na Robert Brozin walinunua mkahawa uliokuwa ukiitwa Chickenland katika kitongoji cha Rosettenville, Johannesburg, wakaupa jina la Nando's. Nembo yao ikawa jogoo wa Barcelos, na bidhaa yao ikauzwa kwa neno "peri-peri".

Neno hilo nalo ni msafiri. Wanaochunguza asili za maneno hulihusisha na "pilipili" la Kiswahili na maneno ndugu zake katika lugha za Kibantu za upande huu wa Afrika. Pilipili kali yenyewe haikuwa mzaliwa wa pwani hii; mmea wake ulitoka Amerika na kuenezwa na mabaharia wa Kireno. Waswahili walikuwa tayari na jina la kiungo cha zamani zaidi kilichokuja na biashara ya Bahari ya Hindi, ambacho leo huitwa pilipili manga, Manga likiwa jina la kale la Uarabuni. Mgeni mpya alipofika akapewa jina lililokuwapo. Kisha Mreno aliyeuleta mmea akalichukua jina, akalirudisha kwao kama "piri-piri", na Mwingereza akalipokea kama "peri-peri". Katika kila kituo neno liliacha kitu kidogo: kwanza sauti ya l, kisha kumbukumbu ya mahali lilikotoka.

Kiswahili nacho kiliwafanyia Wareno mambo yayo hayo, na kwa ukali zaidi. Meza, bendera na leso vilipokelewa bila kubadilishwa sana maana. Lakini neno lao la kanisa, igreja, hutajwa kuwa ndilo chanzo cha gereza. Badiliko hilo ni uhakiki mzima katika neno moja: watu wa pwani walilitazama jengo la wageni, wakalipa jina kwa jinsi walivyolijua. Neno linapovuka maji hubeba ushahidi wa waliolipokea. Swali la kuuliza kuhusu "peri peri" juu ya mlango wa duka ni ushahidi gani linaoubeba, na kwa ajili ya nani.

Ni haki kusema kwamba kampuni yenyewe haikuificha ngano. Nando's husimulia kisa cha Barcelos mara kwa mara, na humwita jogoo wake Barci kwa upendo. Tena, kuna wakati matangazo yake ya Afrika Kusini yalimrudishia sauti. Mfano wa wazi ni tangazo la mwaka 2012. Mtu asiyeonekana anasema kwamba tatizo la nchi ni wageni, kisha watu wanaanza kutoweka kama moshi kundi baada ya kundi: Wakongo, Wasomali, Wapakistani na wengineo, halafu Wahindi, Wazungu, hata makabila yanayojihesabu kuwa ya hapo hapo. Mwishowe anabaki mtu mmoja wa jamii za Wakhoisan, ambaye hana mahali pa kurudishwa kwa kuwa wote walimkuta pale. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu ghasia dhidi ya wageni za mwaka 2008 zilizoua watu 62. Shirika la utangazaji la taifa, SABC, lilikataa kulirusha tangazo hilo. Kwa muda mfupi, nembo ya duka la kuku ilifanya kazi yake ya asili: ilimtetea mgeni mbele ya mji uliokwisha kumhukumu, na mji haukupenda kusikia.

Tangazo jingine, la mwaka 2011, linahitaji kusomwa kwa hadhari zaidi. Linamwonyesha mwigizaji wa nafasi ya Robert Mugabe akila peke yake kwenye meza kubwa, akiwakumbuka marafiki waliokwisha kufa: akirushiana maji na Gaddafi, akicheza mchangani na Saddam Hussein, akimsukuma P. W. Botha kwenye bembea, akisimama juu ya kifaru pamoja na Idi Amin huku mikono imetandazwa kama wapenzi wa filamu ya Titanic. Tangazo liliondolewa hewani baada ya vitisho vya wafuasi wa Mugabe nchini Zimbabwe dhidi ya wafanyakazi wa kampuni. Ujasiri ulikuwapo, na kicheko kina nguvu yake mbele ya madikteta. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki anamwona Amin kwa jicho tofauti. Huyu ndiye aliyewafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, wengi wao wakaishia Uingereza, katika miji ya katikati ya nchi. Kwa watu hao, na kwa Waganda walioachiwa makaburi, kumgeuza Amin kuwa rafiki wa kuchezea ni kupunguza uzito wa kesi. Jogoo wa Barcelos alisema jambo moja tu: mtu huyu hana hatia. Katika tangazo la 2011 sauti ipo, lakini haijulikani wazi inamtolea nani ushahidi.

Uingereza ilimpokea jogoo huyu katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na mwenyeji. Duka la kwanza la Kentucky Fried Chicken nchini humo lilifunguliwa Preston, Lancashire, mwaka 1965. Mhusika wake alikuwa mtu halisi, Harland Sanders, mzaliwa wa Indiana wa mwaka 1890 aliyeanza kuuza chakula kwenye kituo cha mafuta huko Corbin, Kentucky. Cheo chake cha Kanali hakukipata jeshini. Ni heshima aliyotunukiwa na gavana wa Kentucky mwaka 1935. Suti nyeupe na kidevu chenye ndevu nyeupe vilimfanya aonekane bwana mkarimu wa Kusini mwa Marekani ya kale, Kusini ambako watumwa hawaonekani jikoni. Maduka mengi yaliyofuata nyayo zake yalijipa majina ya majimbo ya Marekani au ya Kusini hiyo. Dixy Chicken, lililoanzishwa mwaka 1986, limebeba mwangwi wa Dixie, jina la mazoea la majimbo yaliyopigania utumwa, na wateja wake wakuu leo ni wahamiaji na watoto wao wanaotafuta kuku wa halali.

Nando's iliingia Uingereza mwaka 1992, na ilipofanikiwa, maduka madogo ya mitaani yakaongeza "peri peri" katika mabango yao. Jogoo naye akabadilika tena. Alama za Barcelos, yaani mwili mweusi, kilemba chekundu na mioyo iliyochorwa ubavuni, zilififia. Mahali pake mara nyingi akaja kuku wa katuni, pengine amevaa kofia, pengine amekonyeza jicho na kuinua kidole gumba, akifurahia kuliwa kwake. Hapa mzunguko umekamilika kinyume. Jogoo wa ngano ni chakula kilichosimama kumkatiza mlaji. Kuku wa bango ni chakula kinachomkaribisha.

Itakuwa uhakiki wa haraka kuwalaumu wenye maduka. Wengi wao ni wahamiaji wenye mtaji mdogo, wanaofungua biashara ambayo ujuzi wake unapatikana na ambayo familia nzima inaweza kuifanyia kazi mpaka usiku. Kitabu cha Siâron Hughes, Chicken: Low Art, High Calorie, kilichotoka mwaka 2009, kiliyachukulia mabango hayo kama sanaa ya watu, na ndivyo yanavyostahili. Wala kuiga si kosa katika fasihi simulizi. Ngano haina hatimiliki; kila msimulizi huichukua kwa mwenzake na kuiongezea chumvi. Tofauti ni kwamba anayeiga ngano huja na kisa chake, hata akibadilisha majina. Anayeiga bango huja na rangi na umbo tu. Ndiyo maana jogoo aliweza kufika mpaka mtaa unaomhitaji bila mtu yeyote kujua kwamba ni shahidi.

Na kwamba Lozells ilimhitaji shahidi si maneno ya kupamba. Tarehe 9 Septemba 1985 ghasia zilizuka hapo, na katika moto wa Lozells Road ndugu wawili wa asili ya Kiasia waliokuwa wakiendesha ofisi ya posta walikufa. Magazeti mengi yalikuwa na hukumu tayari kuhusu vijana weusi wa mtaa. Filamu ya Handsworth Songs ya mwaka 1986, iliyoongozwa na John Akomfrah pamoja na kundi la Black Audio Film Collective, ilijaribu kuipinga namna hiyo ya kutazama kwa kupanga upya picha na, zaidi ya picha, sauti. Miaka 20 baadaye, Oktoba 2005, mtaa uligawanyika kwa njia nyingine. Uvumi ulienea, ukipita pia katika redio zisizo na leseni, kwamba msichana wa asili ya Karibi alibakwa na wanaume wa Kiasia katika duka la bidhaa za urembo. Hakuna ushahidi uliopatikana wa kuthibitisha tukio hilo. Kabla ukweli haujatafutwa, watu walikuwa barabarani, na kijana mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani aliuawa kwa kisu.

Ngano ya Barcelos inaeleza hali hii kwa usahihi wa kutisha: kosa lisilo na mtendaji anayejulikana, mji unaotaka mtu wa kumlaumu, mgeni aliye karibu. Lozells ilizidisha jambo moja tu ambalo ngano haikulifikiria. Huko kila upande ulikuwa mgeni wa upande mwingine. Mhaji na wenye kamba walikaa barabara moja, na pengine walinunua chakula duka moja.

Kuku wa Uingereza alipopewa sauti hatimaye, aliipewa na serikali. Agosti 2019 Wizara ya Mambo ya Ndani ilisambaza maboksi ya kuku zaidi ya 321,000 kwa maduka zaidi ya 210, ya Dixy Chicken, Chicken Cottage na Morley's. Ndani ya boksi yalichapwa masimulizi ya vijana walioamua kutobeba kisu. Nia ilitajwa kuwa njema, na masimulizi yenyewe hayakuwa ya uongo. Lakini wabunge weusi, Diane Abbott na David Lammy miongoni mwao, waliukosoa mpango huo vikali kwa kuwa ulichukulia kwamba mla kuku wa mtaani, yaani kijana mweusi, ndiye mbeba kisu. Kwa mhakiki wa ngano, badiliko hilo ni kubwa kuliko lote lililotangulia. Jogoo wa kuchoma ameongea tena, lakini hamwambii hakimu kwamba mshtakiwa hana hatia. Anamwambia mshtakiwa, katikati ya mlo wake, kwamba anashukiwa.

Methali inasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Kwa kawaida hutumiwa kumkumbusha mtu wa mashambani kwamba ujuzi wake hauna uzito kwa wenye mji. Mbele ya bango la Lozells methali hiyo inageuka kuwa malalamiko: mjini jogoo anaruhusiwa kuonekana, kuuzwa na kuliwa, mradi asiwike. Hali ya neno "pilipili" ni hiyo hiyo. Limeruhusiwa kukoleza mchuzi wa dunia nzima, mradi lisitamke lilikotoka. Wahamiaji wengi watayatambua masharti haya kwa kuwa ndiyo waliyopewa wao.

Kuna methali nyingine, kwamba jogoo awike asiwike, kutakucha. Ni kweli kwa mapambazuko, kwa kuwa jua halina mshtakiwa. Si kweli kwa hukumu. Mhaji wa Barcelos angekufa kama ndege yule angenyamaza. Kazi ya uhakiki mbele ya nembo kama hii, basi, ni ya kawaida na ya lazima: kulisoma bango kama matini, kulirudishia neno matamshi yake, na kukisimulia kisa kizima kwa wale wanaokula chini yake, ili siku uvumi utakapopita tena Lozells Road awepo anayekumbuka kwamba ndege yule alitundikwa pale kwa sababu aliwahi kumwokoa mgeni.